Tezi

Mwaka huu Ghislaine amekaa omo.
Bega lake la kulia lina skrubu nne na kovu refu kama zipu.
Daktari kasema: kafi, labda mwakani.
Basi nikahamia tezi, mahali ambapo
kwa miaka thelathini na mmoja sikuwahi kupaangalia,
maana wa omo hutazama mbele
na hudhani misuli yake ndiyo safari.

Mimi ni dereva wa greda la theluji.
Nimewanyooshea watu barabara gizani, saa kumi za usiku,
ukingo hadi ukingo, usukani ukinitii kama kijiko.
Nikajiuliza: mtumbwi wa mbao na turubai, kilo thelathini na mbili,
utanishinda nini?

Ukanishinda.
Nilipiga kafi kulia, omo ikakimbilia kushoto.
Nikalihamishia kushoto, omo ikarudi, ikapitiliza.
Tukaenda upogo ghuba nzima
kama mlevi anayetafuta funguo,
na watoto wa Desrochers, wamekaa gatini na lambalamba zao,
wakawa wanahesabu mizunguko yetu kwa sauti.
Wa kwanza. Wa pili.
Wa tatu wakaupigia makofi.

Ghislaine hakugeuka. Shingo yake ilisema yote.
Kisha akanena:
"Kila kafi lina deni. Umeusukuma mtumbwi mbele,
umeusukuma na pembeni. Lipa hapo hapo,
kabla hujalitoa majini."

"Nalipaje?"

"Andika herufi J."

Kidole gumba cha mkono wa juu kigeuke, kitazame chini.
Bapa la kafi ligeukie nje, na mwishoni,
usawa wa nyonga, msukumo mdogo
kama wa kufunga droo bila kumwamsha mtu.
"Kidogo," alisema. "Kidogo kuliko hapo.
Unaandika kama unachonga jiwe la kaburi."

Niliandika J asubuhi nzima, kesho yake tena,
mbu wakinisahihisha kisogoni.
Zote zikafutika. Maji hayaweki daftari.

Wiki ya pili, kuvuta:
kafi wima, mbali na ubavu, mikono yote miwili nje ya mtumbwi
kama unafungua dirisha la jirani;
na si kafi linalokujia,
ni wewe na chombo chako mnaolifuata.
Kisha kinyume chake, kubanjua:
kafi limebanwa ubavuni, mpini uje kifuani, tezi iruke kando.
Hilo nililiweza siku ile ile. Kusukuma vitu kando ndiyo kazi yangu.
Kuvuta ndiko kulikonitoa jasho.

Alhamisi moja ya Agosti mkate uliisha.
Duka liko ng'ambo, na upepo ulikuwa unakata ziwa kwa mshazari,
mawimbi mafupi, yenye hasira za bure.
Deni, lipa. Deni, lipa.
Nilichagua msonobari mmoja uliovunjika kilele
nikaukazia macho mpaka ukawa mnene.
Gatini kwa Labelle nikavuta mara mbili tu,
na mtumbwi ukalala kando ya mbao bila kuchubua rangi.
Hapakuwa na mtoto hata mmoja wa kuona.
Ghislaine alisema, "Na siagi."

Tezi na omo, marejeo ni ngamani:
tulirudi na maji ya kikombe kimoja ngamani,
mikate miwili kwenye mfuko wa nailoni,
siagi, na kiatu changu kilicholowa.
Upepo ulikuwa umechoka.
Kabla ya Kisiwa cha Birika nikaona kofia yake imeinama,
bega bovu limeegemea jaketi,
mdomo wazi kidogo.

Amelala.

Pale pale nilipokuwa nikilala mimi,
kiangazi baada ya kiangazi,
nikizinduka gatini, nikinyoosha mgongo,
nikimwambia kila mara:
leo ziwa lilikuwa tulivu.